Kukipa kituo cha barabarani jina la askari aliyefia kazini: tuliyojifunza njia ya Mingoyo–Masasi

Askari akifia kazini, ahadi hazikosekani msibani. Udongo wa kaburi haujakauka, diwani ameshasema kituo cha basi kitaitwa jina la marehemu, mwenyekiti ameitikia, na vijana wa bodaboda wameanza kuchanga. Mwaka unapita, kibao hakuna. Mjane anaulizwa sokoni, "Shemeji, lile jambo limefikia wapi?" na yeye wala hakuliomba. Tumeandika haya kwa ajili ya kamati za vijiji na mitaa ya Lindi na Mtwara zinazotaka kufanya jambo hili likamilike, maana kazi yenyewe ina ngazi nyingi kuliko inavyoonekana kwenye turubai la msiba.

Anzeni na swali ambalo halimsisimui mtu: kituo ni cha nani? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Hiyo ni njia ya Dar es Salaam hadi Mtwara, pamoja na ile inayochepuka Mingoyo kupitia Mtama, Nyangao na Ndanda hadi Masasi. Barabara za wilaya, za mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Stendi ni mali ya halmashauri. Kisima kando ya barabara huenda kipo chini ya chombo cha watumia maji na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kibanda cha abiria kinaweza kuwa kimejengwa na kijiji juu ya ardhi ya barabara, na hapo ndipo mambo huchanganyika, kwa sababu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa. Kijiji kinaweza kukipenda kituo chake, lakini ndani ya mita hizo hakuna wa kuchimba hata shimo la nguzo bila kibali.

Barua ya kuomba kibali isiwe ya maneno matupu. Iende na mchoro, hata wa mkono, unaoonyesha umbali kutoka katikati ya barabara, upande gani, karibu na nguzo ipi ya kilomita, ukubwa wa kitu kinachojengwa, na nani atakitunza. Mtegemee sharti kwamba barabara ikipanuliwa mtakiondoa kwa gharama zenu bila fidia. Lisomwe hilo sharti mkutanoni, mbele ya familia, mapema. Familia ikija kujua siku katapila limefika, mtaonekana mmewadanganya. Kwa vijiji vya njia ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, zile kilomita 160 za mradi wa lami, ushauri wetu ni mmoja: msisimamishe chochote kabla ya kuona michoro ya mkandarasi. Vibao vingi hung'olewa wakati wa ujenzi na havirudi.

Halafu eneo. Hapa hisia hushinda akili karibu kila mara. Watu wanataka kituo kiwe pale pale askari alipoangukia. Kama aligongwa akiongoza magari, au gari la doria lilipinduka, basi mahali hapo kwa kawaida pana ubaya wake: kona, kilele cha mlima, mteremko wa kuingia darajani. Ukiweka hapo kibanda na watu wakaanza kushuka, unaita ajali nyingine kwa jina la yule yule aliyekufa kwa ajali. Sogeeni mita 300 hadi 500 mpaka kwenye mnyoofu ambapo dereva anaona mbali pande zote. Sehemu ya basi kuingia iwe na upana usiopungua mita 3, na urefu wa mita 30 hivi ukitaka mabasi mawili ya mita 12 yakae bila nyuma ya basi kubaki barabarani, mbali na mikunjo ya kuingilia na kutokea. Kama kuna kituo pande zote mbili, visitazamane. Vipishane, ili abiria anayevuka apite nyuma ya basi lake na si mbele, ambako dereva wa gari linalolipita basi hamwoni. Mkikosa hili, jina zuri halitasaidia kitu.

Kuhusu jina lenyewe, jiandaeni kwa maswali yasiyo na adabu ya msibani. La kwanza: kwa nini huyu? Askari wengi wanaofanya kazi Kusini wametoka Mara, Kigoma, Kilimanjaro au kwingineko, na wakifa husafirishwa kwao. Kuna wazee watakaosema kijiji kinampa mgeni jina wakati wao wana watu wao. Hoja hiyo haijibiwi kwa ukali. Inajibiwa kwa kueleza alichofanya hapa: vituo alivyofanyia kazi, doria za usiku msimu wa korosho, watoto aliowavusha barabara ya shule. Swali la pili huulizwa pembeni, na ni zito zaidi. Mtwara wapo wasiosahau vurugu za kupinga bomba la gesi za mwaka 2013, na ukitaja polisi wanakumbuka mengine kabisa. Kulikwepa swali hilo ni kulipa nguvu. Semeni wazi kwamba jina ni la mtu mmoja kwa kazi aliyoifanya, halifuti kumbukumbu ya mtu mwingine yeyote. Kama baada ya maelezo hayo mkutano bado umegawanyika katikati, afadhali mngoje. Kibao kilichopitishwa kwa kura za kusukumana huamka asubuhi kimepakwa lami.

Swali la tatu ni la waliokufa pamoja naye. Daraja la Salender, Dar es Salaam, Agosti 2021, waliuawa askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Kibiti, Aprili 2017, askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Sasa chukua tukio kama la kwanza: ukiandika majina matatu, familia ya nne inasoma nini kila inapopita pale? Kama tukio lilichukua raia pia, ama majina yote yaingie, ama kituo kibebe jina lisilo la mtu mmoja na orodha iwe kwenye bamba dogo ndani ya kibanda. Kwa wanane, usijaribu kuwaweka kwenye kibao cha barabarani. Hakuna dereva atakayesoma.

Familia ndiyo ngazi inayohitaji subira, na pia ndiyo inayoharakishwa kuliko zote. Mjane Mwislamu yuko eda kwa miezi minne na siku kumi. Usimpelekee karatasi ya kusaini, wala usimwite kwenye vikao. Tumia muda huo kushughulikia kibali cha barabara. Kisha jua nani ana kauli. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba si mtu wa kupewa taarifa mwishoni. Mjane anaweza kukubali, watoto wakakubali, halafu mjomba akasimama siku ya uzinduzi na kusema hakuna aliyebisha hodi kwake. Kama marehemu alikuwa na wake wawili, wote wawili wasaini, na karatasi moja, siku moja. Mambo ya mirathi yasiingizwe: andikeni kabisa kwamba jina kwenye kituo halimpi mtu haki ya kodi ya vibanda wala ya kusimamia vyoo. Mstari huo unaonekana wa kikatili mpaka siku ndugu wanapokuja kudai makusanyo.

Na hapo kwenye vyoo tuseme ukweli. Abiria wa masafa marefu wanachokitafuta barabarani ni pa kuchimba dawa. Kituo cha mapumziko bila vyoo hakina maana, ila jina la mtu juu ya mlango wa choo halivumiliki. Makonda hawana simile: wiki ya kwanza tu utasikia "haya, wa kwenda kwa Sajenti wawahi!" na basi zima linacheka. Mama mzazi wa marehemu anaweza kuwa ndani ya basi hilo. Jina likae kwenye kibanda au kwenye lango la kituo kizima, upande wa barabara. Vyoo viandikwe "Wanawake" na "Wanaume", basi, na viwe nyuma, mlango usitazame kibao.

Makonda hao hao ndio watakaoamua kama jina litaishi. Jina rasmi la maneno saba halipigiwi kelele mlangoni mwa basi. Chagueni sehemu fupi, cheo na jina moja, na hilo ndilo liandikwe kwa herufi kubwa. Mkumbuke pia kwamba jina la zamani la mahali halifi. Kama watu wamezoea "Njia Panda" au "Mwembeni", kiacheni kijiji na jina lake, kituo tu ndicho kipate jipya.

Uandishi wa jina uhakikiwe kabla ya muhtasari wowote. Majina ya huku yana kawaida ya kuanza na M kwenye kumbukumbu za jeshi, N kwenye cheti cha ubatizo au cha shule, na NN kwenye kitambulisho cha mtoto. Familia ichague moja kwa maandishi. Cheo, namba ya askari na kituo cha mwisho vitoke polisi: barua kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ipitie kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, ikiomba kuthibitishiwa taarifa hizo na kwamba alifariki akiwa kazini. Kama kuna kesi mahakamani kuhusu kifo hicho, msiandike "aliyeuawa na majambazi" wala kutaja namna alivyokufa. "Aliyefariki akiwa kazini" na tarehe vinatosha, na havitahitaji kufutwa hukumu ikitoka tofauti. Picha? Baadhi ya familia za pwani hazitaki sura ya marehemu wao ianikwe njiani. Ulizeni, msidhani.

Vikao vinaenda hivi. Kijijini, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopendekeza, na mkutano huo hukaa kila miezi mitatu. Mjini ni mkutano wa mtaa. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, uambatane na orodha ya mahudhurio, na jina liandikwe humo herufi kwa herufi kama litakavyokuwa kwenye kibao. Linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kamati ya kudumu ya halmashauri (Uchumi, Ujenzi na Mazingira kwa wilaya, Mipango Miji na Mazingira kwa miji), kisha baraza la madiwani, nalo hukaa kila robo mwaka. Ukikosa ajenda ya kikao kimoja umekosa miezi mitatu. Mwaka wa uchaguzi mkuu baraza huvunjwa kabla ya kampeni, kwa hiyo ukiona uchaguzi unakaribia, ama uharakishe ama usubiri madiwani wapya. Na msiitishe mkutano wa kijiji Oktoba au Novemba. Watu wako mikorosheni, akidi haitatimia, na wachache watakaokuja watasema hapo baadaye kwamba jina lilipitishwa na watu wa kijiweni.

Fedha ni tofauti: michango huja vizuri baada ya malipo ya minada ya korosho. Chama cha msingi cha ushirika kinaweza kutangaza kwa wanachama wake, ila mtu asikatwe bila kukubali. Kila shilingi ipite kwenye akaunti ya kijiji au namba ya malipo ya halmashauri, risiti itoke. Kuna jambo moja hatuna mjadala nalo: trafiki wasikusanye. Hata awe na nia safi kiasi gani, askari akisimamisha basi na kumwambia dereva achangie kibao cha mwenzake, kila aliye ndani ya basi ameshaelewa kitu kingine, na jina la marehemu linaanza maisha yake likiwa na harufu ya hongo. Wamiliki wa mabasi waandikiwe barua na kamati, wachangie benki.

Kwa kulinganisha, jimbo la California, Marekani, limefanya jambo hili kwa miaka mingi kwa askari wake wa barabara kuu, wakiwemo wanne waliouawa Newhall mwaka 1970. Huko bunge la jimbo hupitisha azimio, na azimio hueleza kwamba kibao kitawekwa michango isiyo ya serikali ikishatosha kulipia gharama. Utaratibu huo unatufaa sana, kwa sababu unazuia ile tabia yetu ya kupitisha jina halafu kutazamana.

Sasa kibao. Basi lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde nne, ni karibu mita 90. Kwa kukadiria, kila sentimita ya urefu wa herufi husomeka kwa umbali wa mita 5, hivyo mnahitaji herufi za sentimita 18 hadi 20. Herufi kumi na mbili za ukubwa huo hula karibu mita 2 za upana. Shiti moja nzima la futi 8 kwa 4 linatosha: mistari miwili mikubwa, na juu yake maneno "Kituo cha mapumziko" kwa herufi za sentimita 12. Namba ya askari, tarehe na historia viende kwenye bamba la ndani, linalosomwa na mtu aliyesimama. Msitumie pembetatu wala duara la ukingo mwekundu; hizo ni alama za barabarani.

Ukingo wa chini wa kibao uwe mita 2.1 kutoka ardhini, mtu asigonge kichwa. Bomba la nguzo, la inchi 3 lililochovywa zinki, huuzwa mita 6: mita 0.8 ndani ya zege, 2.1 wazi, 1.2 nyuma ya shiti, na kipande cha mita 1.9 kinachobaki kila bomba ndicho cha mhimili wa kati. Shimo liwe sentimita 50 kwa 50 kwa 90. Zege la moja kwa mbili kwa nne kwa mashimo yote mawili ni mifuko mitatu ya saruji. Chomeleeni kipande cha nondo kikatize mguu wa bomba kabla ya kumwaga zege, la sivyo upepo wa kusi utakizungusha kibao kikatazama mikorosheni. Mahali palipochomelewa zinki imeungua, na Lindi mjini au Mikindani chumvi ya bahari itaanzia hapo hapo kula. Pakeni rangi ya zinki juu ya kila weldi siku hiyo hiyo.

Wezi wa chuma chakavu nao wapo. Alumini inakwenda kuwa sufuria. Kaza nati, kisha gonga ncha ya bolti mpaka nyuzi zipondeke isifunguke. Toboa matundu madogo madogo kwenye shiti mahali pasipo na herufi, lisifae kwa kazi nyingine. Penye wizi uliozidi, acheni chuma kabisa: jengeni ukuta mfupi wa tofali, pigeni plasta, herufi zichongwe kwenye zege bichi na kupakwa rangi. Haing'ai usiku kama shiti lenye kuakisi mwanga, lakini haibebeki.

Kibanda kisiwe fahari. Mita 6 kwa 2, kuta tatu za tofali za inchi 6. Ukuta wa nyuma uishie kiunoni ili anayepita aone aliyemo, la sivyo usiku patakuwa pa wavuta bangi. Hapo tofali 200 zinatosha na za kuvunjika zimo. Benchi la zege la sentimita 45. Paa limwage maji nyuma. Mlango mmoja wa choo uwe na upana wa sentimita 90 na njia ya mteremko, si ngazi.

Maji ndiyo yanayoua vituo hivi. Basi la watu 60, nusu yao wakiingia, na lita 5 kwa kila mmoja kuflashi, kutawadha na kunawa, ni lita 150. Tanki la lita 5,000 linahudumia mabasi 33 hivi. Paa la mita za mraba 18 huvuna lita 18 kwa kila milimita ya mvua, na mvua zetu, karibu milimita 1,000 kwa mwaka, zinakoma Aprili au Mei. Kuanzia hapo mpaka Novemba tanki ni tupu. Juu ya Nyanda za Makonde maji hununuliwa kwa boza, yaani gari la tanki la maji, kwa hiyo kama hakuna fedha ya boza kwenye bajeti, vyoo vya maji visijengwe. Bora choo cha shimo kilicho safi, mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Siku ya uzinduzi bajeti hukimbilia kwenye pilau na fulana. Kwanza kateni nauli na malazi ya familia. Kutoka Musoma hadi Masasi si safari ya siku moja. Msichague kumbukumbu ya tarehe ya kifo bila kuuliza, wapo wanaotaka siku hiyo wabaki na hitima au misa yao nyumbani. Anayefunua kitambaa awe wa familia, viongozi wapige picha baadaye. Kisha peleka muhtasari wa baraza kwa wataalamu wa anwani za makazi wa halmashauri, jina liingie kwenye mfumo uliojengwa katika operesheni ya mwaka 2022, vinginevyo kwenye ramani kituo kitabaki na jina la zamani.

Mtunzaji atafutwe kabla ya jina, na kama hakupatikana, jina lisiombwe. Utaratibu uliosimama vizuri tuliouona ni wa mama lishe wawili waliopewa vibanda kando ya kituo bila kodi, kwa mkataba wa mwaka mmoja unaosema wafagie kila asubuhi, wawe na ufunguo wa vyoo na koki ya tanki, na watoe taarifa kwa mtendaji kitu kikiharibika. Kijiji kinabaki na gharama ya boza na sabuni. Rangi ya herufi huanza kupauka kwa jua la huku ndani ya miaka michache, hivyo bakizeni kopo la rangi ile ile kwenye ofisi ya kijiji, na andikeni namba yake ya rangi kwenye jalada moja na barua ya kibali na saini za familia.